Kula Mbele Yako

Nianze na haki yao: watu wa Takaungu hawajanitukana hata siku moja. Nalisema hilo mapema, asije mtu akadai kwamba Kahaso amekaa kule miaka yote akila chumvi ya watu, leo anawachafulia jina. Hawakunitukana. Hawakunifukuza wala kunitupia mawe. Walinipa sahani.

Na sahani yenyewe nzuri, ina maua ya buluu ukingoni. Pilau imejaa, nyama juu, ndizi mbivu pembeni, halafu imefunikwa kawa la ukindu wa rangi. Ukiiona utadhani kadhi amekuja. Nami nikiletewa nasema ahsante, naenda kukaa karibu na ukuta, nafunua kawa, nakula peke yangu. Wenzangu huku watano watano wamezunguka masinia, wanagombania nyama, wanacheka hadi kupaliwa. Nilikuwa naichukia sahani ile kuliko ninavyochukia siafu.

Uso wangu niuseme sasa, tumalizane nao. Kwetu ni Vitengeni, na nilipokuwa mdogo korosho tulizibanika wenyewe uani, kwenye debe lililotobolewa matundu, juu ya moto. Aliyewahi kubanika anajua kwamba ganda la korosho lina mafuta makali, na yakipata moto hutema na kuwaka. Wakubwa husimama mbali, wakakoroga kwa mti mrefu. Mimi mti wangu ulikuwa mfupi, tena nikainama nione kama zimeiva. Basi. Jicho la kushoto limeshuka, shavu limekunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka, na mdomo umevutwa upande, haufungi sawasawa. Nikila wali, punje hunidondoka. Nikinywa chai sharti nilaze kichwa upande wa pili. Hakuna mchawi aliyenitupia kitu, hakuna laana ya ukoo, na hauambukizi. Ni korosho tu, hizi hizi mnazotafuna kwa raha zenu.

Takaungu nililetwa na shangazi yangu Kanze, aliyekuwa akishona makuti ya kuezekea. Alipozeeka akarudi Vitengeni kwa ndugu zake, mimi nikabaki na chumba chake na kazi yake. Makuti nashona mpaka leo, na wanaojenga hoteli na nyumba za kukodisha wanakuja na malori yao mlangoni pangu. Ni kazi inayonifaa, kwa sababu hakuna anayekula makuti. Ningekaanga mahamri ningekufa njaa zamani.

Kina mama walikuwa na jambo lao moja. Mtoto akilia sana walimwambia, "Nyamaza, Kahaso yuaja!" Mtoto kimya. Nimepita chini ya madirisha mara nyingi nikasikia jina langu likifanya kazi hiyo, kisha mama mwenyewe akachungulia, akaniona, akaona haya. "Kahaso, habari za makuti?" "Njema," nasema, napita zangu. Jina langu limelaza watoto wa mji ule kuliko maziwa ya mama zao, na sikupewa hata ndizi moja ya ahsante.

Sasa, harusi. Harusi ya Takaungu haianzi na pilau, inaanza na mchele. Mwenye shughuli humtuma mtu nyumba hadi nyumba: "Bi fulani awaita mchele." Maana yake njoo na uteo wako wa kupepetea, ukae jamvini na wanawake wenzako, mchague mawe na chuya, na mseme mambo ya watu. Kuitwa mchele ni kuhesabiwa. Usipoitwa, jua umekufa na hujaambiwa.

Mimi niliitwa, sina la kuficha. Mchele nimechagua, thomu nimemenya mpaka vidole vikanuka wiki nzima, masufuria nimesugua kwa majivu na mchanga mpaka ukajiona ndani. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa siku ya kwanza. Lililonishinda ni sinia.

Maana chakula kikishaiva, mambo hubadilika. Jamvi hutandikwa upya, birika hupitishwa, watu wakanawa, na masinia yakashuka. Hapo ndipo mtu huitwa kwa jina. "Mwanasiti, njoo huku! Riziki, songa kidogo, mpishe mwenzio!" Watano kwa sinia moja. Yule mkubwa wao ndiye mwenye nyama. Huichambua kwa vidole vyake, akamtilia kila mmoja kipande mbele yake. Na kila mmoja ana upande wake. Kula mbele yako, ndiyo adabu ya kwanza mtoto anayofunzwa pale, kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Ukipeleka mkono upande wa mwenzio utapigwa kofi la kiganja, na utachekwa mpaka watu watawanyike.

Nilichokitaka duniani kilikuwa kidogo sana. Sikutaka mume, sikutaka nyumba ya mawe. Nilitaka mtu mmoja aseme, "Kahaso, njoo huku," na mwingine asonge.

Nisijifanye kwamba nilikuwa sijui kwa nini halisemwi. Lakini mtu hujipa dawa. Nilijiambia, mimi si Mwislamu, nasali kanisani Kilifi, huenda wenyewe wanaona si vizuri kuchanganya mikono. Siku nyingine nikajiambia, mimi Mgiriama wa bara, wao ndio wenye mji, ugeni una taratibu zake. Sababu hizo zilinifaa mno. Dini ni jambo la mtu na Mungu wake, na ugeni huisha. Uso je? Uso nitaupeleka wapi?

Ndipo akaja Waruguru.

Waruguru ni mtu wa Nyeri, mumewe amepata kazi kwenye machimbo ya mawe. Wakapanga chumba cha tatu kutoka changu, yeye akaanza kuuza mitumba kibarazani. Mwanamke ana sauti! Akimwita mteja, na aliye ng'ambo atageuka. Siku ya kwanza aliponiona alisimama mbele yangu, akanitazama usoni bila kupepesa, akasema, "Pole, mama. Hapa ulichomwa na nini?"

Mulungu wangu! Hakuna mtu Takaungu aliyewahi kuniuliza. Nilikasirika, nikataka kumwambia ende zake na adabu zake za kwao kwenye baridi. Halafu nikamjibu. "Korosho."

"Korosho inachoma mtu hivyo?"

"Ikibanikwa vibaya."

"Haki ya nani. Na vile mimi huzikula," akasema, akarudi kwenye nguo zake. Hakuniuliza tena mpaka leo. Nilikaa na makuti yangu mchana kutwa, hasira imenitoka na sijui imeenda wapi. Nikamwona mjinga, nikampenda.

Jirani yangu wa upande wa pili ni Bi Mwanakombo. Yeye ni mzee wa mtaa, mwenye ulimi wa kukata kamba na moyo wa kukulisha mwezi mzima ukiugua. Ua wetu ni mmoja, umegawanywa kwa ukuta mfupi. Alipoteleza kisimani akavunjika mguu, mwanawe wa kike yuko Lamu kwa mumewe, ni mimi niliyemchotea maji, nikamkanda, nikamwogesha. Mgongo wa Bi Mwanakombo naujua mimi kuliko waliotoka tumboni mwake. Na kila alipopika kizuri alinipitishia juu ya ukuta. Katika sahani, bila shaka, na kawa juu.

Sasa mjukuu wake, Mwanaidi, akapata mchumba. Yule mtoto alilala kwa jina langu utoto wake wote, na sasa anaolewa. Kabla ya siku ya mchele Bi Mwanakombo akaniita ukutani.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo."

"Marahaba, mwanangu. Chukua hii." Akanitupia leso, jozi nzima, mpya, ingali na harufu ya dukani. "Ndiyo sare ya watu wa nyumbani. Uipinde, uivae siku ya siku, usije ukanitia aibu na ile yako ya kushonea makuti."

Sare ya watu wa nyumbani! Jamani, sare haipewi kila mpita njia. Sare ni ya shangazi, mama wadogo, mabinamu na mashoga wa kufa na kuzikana. Niliingia ndani nikaifunga kiunoni, nikaifungua, nikaifunga tena. Sikuona haya kujiambia kwa sauti: Kahaso, safari hii utakula.

Siku ya harusi nilifika alfajiri, na leso yangu. Nilipuliza moto, nikakaanga vitunguu vya sufuria mbili kubwa mpaka machozi yakanitoka, nikageuza nyama, nikapalia makaa juu ya mifuniko. Waruguru naye alikuja, maana Bi Mwanakombo hakubali jirani aachwe. Hakuwa na sare, alivaa gauni lake na sweta, jua lote lile. Akapewa viazi amenye. Alimenya kwa kisu kikubwa, ganda nene kama ubao.

"Waruguru," nikamwambia, "hicho unachotupa ndicho kiazi, hicho unachobakisha ndilo ganda."

Wanawake wakacheka, yeye akacheka kuliko wote. Hata Riziki, mke wa mwenye duka, ambaye hunipa pesa zangu za makuti kwa kuziweka juu ya meza ili asiniguse, alicheka kwa neno langu. Moyo wangu ulikuwa juu. Nilisema tazama, wanacheka nami, nimevaa wanachovaa, leo ni leo.

Chakula kikaiva. Wanaume wakapelekewa chao nje. Jamvi likatandikwa ukumbini, birika likapita, nikanawa. Nilisimama karibu na sinia la Bi Mwanakombo. Si karibu sana. Karibu ya mtu ambaye akiitwa atakuwa amefika.

"Mwanasiti, kaa hapa," akasema Bi Mwanakombo. "Riziki, upande huu. Nawe, bi... wewe mama wa mitumba, jina lako nalisahau kila siku."

"Waruguru."

"Haya, Waruguru, njoo huku. Mwanasiti, songa."

Akasonga.

Nataka mnielewe vizuri hapa. Waruguru si Mwislamu. Waruguru si wa Takaungu, si wa Pwani, hata harufu ya nazi ilikuwa ingali inamtia kichefuchefu. Alikuwa hajamaliza mvua moja mtaani. Hana sare, na mimi ninayo kiunoni. Akaitwa, akasongewa, akaketi na sweta lake. Nikasimama pale, sababu zangu zote nilizojipa miaka yote zikaanguka moja baada ya nyingine, mbele ya watu, na hakuna aliyeziona zikianguka isipokuwa mimi. Haikuwa dini, haikuwa bara. Ulikuwa ni uso, basi.

Waruguru alitazama sinia, akatazama vidole vyake. "Sasa hii inakuliwa aje? Hakuna kijiko?"

"Kijiko ni hicho Mungu alichokutundikia mkononi," Bi Mwanakombo akamwambia. "Fanya tonge. Na mkono wa kulia, mwanangu, huo wa kushoto uache ulale."

Akajaribu. Wali ukamwagika kila mahali. Akanyoosha mkono moja kwa moja hadi katikati, akachota nyama.

Kofi! Mwanasiti alimpiga kiganja. "We! Kula mbele yako!" Wakacheka hadi wengine wa masinia ya mbali wakauliza kuna nini. Waruguru naye akacheka, mdomo umejaa, kisha akainua kichwa akaniona nimesimama. Akasema kwa ile sauti yake ya kuita wateja:

"Mama Kahaso! Kuja ukae! Si kuna nafasi hapa?"

Alilisema jambo ambalo mji wote ulikuwa umekubaliana kutolisema, na hakujua kama amelisema. Riziki akatazama ukuta. Mwanasiti akaanza kutengeneza leso yake ambayo haikuharibika.

"Ah, Kahaso ana chake," akasema Bi Mwanakombo, kwa upole kabisa. "Kahaso amewekewa."

Na kweli, msichana alikuwa anatoka jikoni na sahani yangu. Maua ya buluu. Kawa jekundu na kijani, jipya, limesukwa kwa ajili ya harusi. Akaninyooshea kwa mikono miwili.

Sikuipokea.

"Irudishe," nikamwambia. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Mimi sina changu. Nimetoka alfajiri kwenye moto wa pilau hii. Nitakula inakoliwa."

Anayetaka cha mvunguni huinama, nami niliinama. Nilijipenyeza kati ya Waruguru na Riziki, nikakunja miguu, nikaketi. Goti langu likamgusa Riziki. Riziki akavuta goti lake. Kisha akavuta mkono. Kisha akasema, "Nimeshiba," na tonge hata moja hajameza, akainuka, leso yake ya sare ikapita mbele ya macho yangu ikielekea mlangoni. Sijamsingizia, waliokuwapo waliona.

Nilifanya tonge langu kwa adabu, dogo, nikalitia kinywani upande wa kulia ambako mdomo unafunga. Na bado punje zikadondoka. Zikaanguka juu ya leso yangu mpya, nyingine ukingoni mwa sinia. Nikazitazama. Nikajua kwamba na wengine wanazitazama. Nikaona kwamba nikiendelea hivi, kidogo kidogo, kwa adabu, nitalia, na nikilia watanihurumia, na wakinihurumia nitaletewa sahani mpaka siku ya kuzikwa kwangu.

Hasira ikanipanda. Mbele ya Bi Mwanakombo palikuwa na fungu la nyama, yote iliyobaki siniani, ameshaivuta kwake, hajaigawa bado. Nilinyoosha mkono nikavuka katikati, nikavuka upande wa Mwanasiti, nikafika mpaka mbele ya mzee mwenyewe, nikanyakua pande kubwa lenye mfupa.

Kofi liliponipata nilisikia hadi kiwikoni.

"Kahaso!" Bi Mwanakombo alikuwa amepiga magoti, macho yamemtoka. "We Kahaso, huna haya? Hukufunzwa kwenu? Kula mbele yako! Nyama yagawiwa, hainyakuliwi! Toba, miaka yote hii nakuona mtu wa adabu, kumbe mkono mrefu kama wa komba!"

Alikuwa anapiga kelele. Alinipigia kelele mimi, mkono wangu ungali umeshika mfupa, na mkono wake ungali juu ya mkono wangu. Masinia yote yakageuka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilianza kucheka. Nilicheka na mdomo wangu huu usiofunga, wali ukitoka, machozi yakitoka, sikuweza kujizuia.

"Wacheka nini?" akafoka.

"Nimekosa, Bi Mwanakombo."

"Umekosa sana!"

"Nimekosa. Lakini ungenifunza lini, kama hujawahi kuniita?"

Hapo akatua. Akakaa chini vizuri, akashusha pumzi. Waruguru alikuwa ameacha kutafuna.

"Wewe ndiye uliyetupa mgongo," Bi Mwanakombo akasema, sasa sauti ya chini. "Harusi ya kwanza uliyohudhuria hapa, pamoja na shangazi yako Kanze. Ulichukua wali wako ukageukia ukuta ukala. Nikaona mtoto wa watu ataka sitara. Nikasema nitamsitiri. Kila harusi nakuwekea changu mwenyewe, sahani ya harusi yangu mimi, wajua wewe? Wengine hawajaigusa sahani ile."

Sikuwa najua. Ile ya kugeukia ukuta naikumbuka. Nilikuwa msichana, wameniangalia wote kwa pamoja, nikaona haya. Niligeuka siku moja, na wao wakaniacha nimegeuka.

"Ilikuwa haya ya siku moja, Bi Mwanakombo," nikasema. "Mbona hukuniuliza?"

"Nawe mbona hukusema?"

"Niseme nini? Nisongeeni? Jambo hilo laombwa?"

Ningeweza kuliacha pale, maana limeshakuwa zuri, kila mtu amepata pa kujificha. Lakini nilimwogesha mzee yule, na kati yetu hakuna cha kuficha.

"Na uliogopa pia," nikamwambia. "Usiseme ni sitara peke yake."

Bi Mwanakombo alinitazama usoni. Pote, jichoni, shavuni, mdomoni, kama alivyonitazama Waruguru siku ile kibarazani. Sidhani kama aliwahi kunitazama hivyo tangu nihamie.

"Niliogopa," akasema. "Wallahi, niliogopa. Si wewe. Niliogopa watu wataniondokea kwenye sinia, kama alivyoondoka huyo."

"Na ameondoka."

"Ameondoka. Na nyumba haikuanguka." Akaugeukia mkono wangu. "Nipe nyama yangu."

Nikampa. Aliichukua, akaichambua kwa vidole vyake vyenye hina ya harusi, pole pole, akatoa mfupa akauweka kando. Mwanasiti alipewa chake. Waruguru chake. Halafu akachukua lile pande nono alilobakisha, akaligawa mara mbili, nusu akajiwekea, nusu akaitia mbele yangu, kwenye wali wangu, pale pale palipodondokewa na punje.

"Haya, kula. Na mbele yako."

Yule msichana wa sahani alikuwa angali amesimama, maskini, hajui aende wapi, sahani ingali mikononi.

"Bibi," akauliza, "na hii je?"

Bi Mwanakombo hakuinua kichwa. "Mpelekee Riziki huko nje. Mwambie tumemwekea chake."

Mwanasiti aliangua kicheko hadi akashika ubavu, na sinia la jirani likakidaka, na la pili likakidaka. Waruguru akaniuliza kwa kunong'ona, kunong'ona kwake kunakosikika Mnarani, kuna nini, wanacheka nini. Nikamwambia nitamweleza nyumbani. Nilitazama mbele yake pale jamvini: wali aliomwaga yeye ulikuwa mwingi kuliko wangu mara tatu.

"Songa kidogo," nikamwambia. "Umenibana."

Akasonga. Nami nikala mbele yangu.